Hema Lililoogeshwa

Walimwitia Fundi kikao kwa sababu ya hema. Hakuwa ameiba wala kugombana na mtu. Alilitoa tu chini ya kitanda, akalitandaza uani akague mishono, na binti yake aliyekuja kusalimia akajua kwamba tamasha limekaribia na mama anakwenda tena. Jumapili iliyofuata wakamjia sebuleni watatu: binti, mume wa binti, na kaka yake mwenyewe, ambaye hakuwa amekanyaga kwa dada yake tangu siku alipoachwa.

Kaka ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema umri wa miaka hamsini na minane ni umri wa kutulia. Binti akasema huko kazini wenzake wamemwona mama yake kwenye simu, amevaa viatu vya mpira, anacheza kwenye matope katikati ya watoto wa watu, na wakamwuliza kama huyo bibi ana wa kumwangalia. Mkwe, mtu wa adabu zake, alitazama zulia muda wote. Mwishowe binti akatoa lile lililowaleta. Mwaka huu baba naye atakuwepo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuleta mahema ya kukodisha.

"Sasa mama, mtakutana huko mbele za watu?"

Fundi akaweka kikombe chini. Kama walikuwa na tumaini lolote la kumzuia, lilikufa hapo hapo.

"Pale nimekwenda miaka sita. Yeye ndiyo kwanza anakwenda. Mgeni ni nani?"

Kaka akasema kwa upole kwamba wao wanamwomba tu, hawamlazimishi.

"Siku naachwa mbona hukuja kuniombea, kaka? Ulikuwa na mafua."

Walimaliza chai, wakaaga. Fundi akarudi uani kwa hema lake.

Aliitwa Fundi na kila mtu, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili alikata na kushona mahema ya turubai la pamba katika karakana iliyokuwa ubavuni mwa nyumba. Hakujua kusoma. Vipimo vyake vilikuwa kwenye kamba yenye mafundo: fundo la kwanza ukuta, la pili mlango, la tatu paa. Mumewe alikaa mbele, penye meza na kalenda, akavaa shati lililopigwa pasi na kuzungumza na wateja, ndiyo maana wakamwita Bosi. Mteja akisifu hema, Bosi alisema asante. Fundi alisikia asante hizo kupitia ukuta, mguu ukiwa kwenye cherehani, na alidhani ni zao wote wawili.

Kisha akaja msichana kuuliza bei ya hema la mahafali yake, akaja tena, akaja mara ya tatu bila kuuliza bei. Mwaka haukuisha akawa mke wa Bosi. Fundi alipotaka fungu lake la karakana, alionyeshwa karatasi. Karakana, cherehani zote nne na jina lililoandikwa ukutani vilikuwa vya mume, na chini kabisa palikuwa na dole gumba lake mwenyewe, alilopiga miaka mingi nyuma pale alipoonyeshwa apige. Alikuwa ameambiwa ni karatasi za umeme.

Alitoka na kamba yake ya mafundo, na hema moja alilokuwa amelishona kwa masalio ya vitambaa, ambalo halikuandikwa popote.

Tamasha lilimkuta kwa bahati. Miezi michache baada ya kuachwa, mtu alimwita akashone paa la jukwaa lililochanika, kwenye uwanja mpana nje ya mji ambako watu hupiga kambi siku tatu kusikiliza bendi. Alikwenda na sindano zake, akalala kwenye hema lake kwa kukosa gari la kurudi. Asubuhi alipoamka hakuna aliyemwuliza chai iko wapi. Alikaa mlangoni akisikia wapiga gitaa wakijaribu vyombo, na lile gitaa zito, linaloingia mwilini kupitia nyayo, likamtoa machozi ambayo hayakutoka siku ya talaka. Mchana akacheza. Magoti yakamuuma juma zima, wala hakuyaonea huruma.

Tangu hapo hakukosa. Aliutunza uzoefu wa kambi kama alivyotunza ufundi. Godoro lake lilikuwa nene, kwa kuwa nyonga za mtu mzima hazibembelezwi na ardhi. Alibeba beseni, chupa ya chai, kigoda, pamba ya masikio kwa ajili ya usingizi wa mchana, na dawa ya kuchua magoti yenye harufu kali, ambayo majirani waliinusa wakajua Fundi yupo nyumbani. Aliamka kabla ya foleni ya choo. Goti likikataa, alicheza kuanzia kiunoni kwenda juu. Na alikuwa na mahali pake: hatua chache kutoka kibanda cha mafundi mitambo, katikati ya uwanja wa mbele, kwa sababu sauti za spika mbili hukutana hapo na kila chombo husikika peke yake. Mahali hapo hakupewa na mtu. Alipatafuta kwa masikio yake.

Safari hii alikwenda na shoga yake, mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyeendesha lori nusu ya maisha yake na kuitwa Dereva hata baada ya kustaafu. Dereva hakujali sana muziki. Alisema anakuja kuona uso wa Bosi, na kwamba hilo peke yake linatosha kulipia kiingilio.

Walifika Ijumaa asubuhi. Uwanja wa mbele ulikuwa umejaa mahema mapya meupe, safu sita, kamba zimekazwa hadi zinalia ukizigusa. Kila hema lilikuwa na kibao kidogo: usiguse kamba. Fundi alipita safu ya kwanza polepole, mikono nyuma. Kwenye hema la nne alisimama, akashika ukingo wa paa kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa. Ulinuka uwanga, ule uwanga wa kiwandani unaokuwa kwenye pamba isiyowahi kuguswa na maji.

"Hayajaogeshwa," akasema.

"Nini hayajaogeshwa?" Dereva akauliza.

"Haya yote."

Akamweleza wakitembea. Turubai la pamba likiwa jipya ni kubwa kuliko litakavyokuwa. Mvua ya kwanza ikilipata, hujikunyata. Kwa hiyo kabla hujakata unalilowesha, usiku kucha kwenye pipa, unalianika, unalilowesha tena. Likishajikunyata lote ndipo unapima. Yeye alifanya hivyo kila Jumapili alfajiri nyuma ya nyumba, na Bosi alipoamka alikanyaga maji yaliyotiririka hadi mlangoni, akanuna. Hakuwahi kuuliza maji yale ni ya nini. Alikuwa na utani wake, aliowasimulia hata wateja: huyu mke wangu anaosha mpaka kitambaa kipya, sijui kitambaa kimemkosea nini. Wateja walicheka. Sasa alikuwa na mafundi vijana wenye cherehani za umeme, na bila shaka walipima hema moja la zamani wakakata mapya kwa kipimo kile kile, na Bosi akafurahi kuokoa maji.

Hata hivyo Fundi alikwenda mezani, pale wanapoandikisha wageni, akasema mahema yale mvua ikinyesha yatawatia aibu. Mezani alikuwepo msimamizi wa uwanja, mwanamke mwenye koti la manjano na redio kiunoni, mwenye haraka ya watu elfu moja. Akamwuliza yeye ni nani. Fundi akasema ni mshona mahema. Mtu mmoja nyuma ya msimamizi akacheka. Alikuwa Bosi.

Alikuwa amenenepa shingo. Alimwegemea msimamizi na kusema jambo kwa sauti ya chini, na msimamizi akamtazama Fundi kwa yale macho ambayo watu humtazama nayo mwanamke aliyeachwa, kana kwamba kuachwa kunaambukiza.

Hazikupita saa mbili, msimamizi akaja kwenye hema la Fundi, lililokwisha kusimama mahali pake pale pale karibu na kibanda. Alisema mkataba wa mwaka huu unataka uwanja wa mbele uwe na mahema ya kukodi tu, yafanane. Mahema ya watu binafsi ni nyuma, upande wa vyoo.

"Mama, naomba tuelewane."

"Tutaelewana. Ila nikiwa hapa hapa."

Msimamizi akasema huko nyuma kuna utulivu, mtu wa rika lake atapumzika vizuri. Fundi akamwambia utulivu anao mwingi nyumbani, vyumba viwili vizima, na kama angeutaka asingebeba godoro. Msimamizi akaona anajibiwa. Akatoa muda: kesho saa kumi jioni, kabla ya bendi kubwa, hema liwe limeng'olewa, la sivyo walinzi watalitoa wao.

"Walete," Fundi akasema. "Lakini waje na mtu wa kunibeba mimi, maana nitakuwa ndani."

Jioni ile alicheza kwa hasira, na hasira ikamnyoosha goti. Wauguzi watatu waliokodi hema la jirani walimfuata wakajifunza mtindo wake wa mabega. Mmoja akamwuliza, "Mama, hivi wewe huchoki?" Akajibu kwamba alichoka zamani, akamaliza.

Jumamosi mchana, saa nane, upepo ukakatika ghafla. Fundi alikuwa amelala chali, pamba masikioni. Alihisi baridi usoni, akainuka, akatoka kwenda kulegeza kamba zake, moja baada ya nyingine, mpaka hema likaning'inia vibaya kama nguo ya kuazima. Dereva akauliza kama ana wazimu, mvua inakuja yeye analegeza. Fundi akasema kamba na turubai vyote vikinywa maji hufupika, kwa hiyo unaviachia nafasi ya kufupika. Ukikaza, kitu fulani lazima kiachie, na hicho hutakipenda. Akawaambia wauguzi nao walegeze. Wakaonyesha kibao. Akakichomoa, akakitupa kando, lakini wao bado wakaogopa kugusa kamba.

Mvua ilishuka kwa pamoja, bila kubisha hodi. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mahema meupe yakaanza kupanda. Kuta ziliachana na ardhi, kidole kimoja, viganja viwili, yakawa kama suruali zilizofuliwa vibaya, na maji yakapita chini yake kuwafuata watu na magodoro. Milango ikakataa kufunga. Watu wakatoka wakipiga kelele, wengine wakicheka kwanza na kuacha kucheka baadaye.

Bosi alitoka mbio chini ya mwavuli. Aliona mahema yakitetemeka, na akafanya kile ambacho mtu wa mezani angefanya: akaamuru mafundi wake wakaze kamba. Wakakaza. Vigingi vikaanza kuruka kama vizibo vya soda, na safu ya pili ikalala yote, hema likiangukia hema.

Fundi alisimama chini ya kibaraza cha hema lake, mkavu, akatazama. Atakayemhukumu na amhukumu, lakini kwa dakika kadhaa alitazama tu, na ilikuwa tamu. Dereva, aliyekuja kuona uso wa Bosi, aliuona, akasema kiingilio chake kimerudi.

Lakini wale waliolowa hawakuwa Bosi. Katika safu ya kwanza wauguzi walikuwa wameshikilia nguzo kwa mikono, wanamwita. Fundi akavuta viatu vyake vya mpira, akatoka. Akaenda hema kwa hema, akilegeza, akiwaambia wenye mahema wafanye kama anavyofanya, wasiogope, turubai liachiwe. Yaliyoachiwa yalisimama, mafupi na ya kuchekesha, lakini yalisimama. Nyuma yake fundi mmoja wa Bosi alikuwa anazikaza kamba upya, na nyuma ya fundi huyo akaja Bosi mwenyewe.

"Toka kwenye mahema yangu. Unayaharibu kwa makusudi."

Fundi hakugeuka. Alikuwa kwenye fundo, na fundo lililolowa halitaki mazungumzo. Msimamizi wa uwanja akawafikia, koti la manjano limemshika mwilini, redio imekufa. Alitazama safu iliyolala, akatazama safu iliyosimama, kisha akatazama lile hema moja lenye viraka, karibu na kibanda, ambalo sasa lilikuwa limejinyoosha lenyewe na maji yanateleza juu yake.

"Lile alishona nani?"

"Mimi."

"Na haya?"

"Muulize mwenye karatasi."

Bosi akaanza kusema habari za kitambaa kibovu, za kiwanda, za mvua ambayo haijawahi kuonekana. Msimamizi alimwachia sentensi moja na nusu. Kisha akawageukia mafundi wa Bosi, akawaambia kuanzia sasa wamsikilize huyu mama, akisema legeza walegeze, akisema acha waache. Fundi akasema legezeni. Wakalegeza. Vijana hao walikuwa wanatetemeka kwa baridi, na mmoja alimwamkia shikamoo katikati ya mvua, akaitikia marahaba bila kuacha kazi.

Walipofika safu ya mwisho mvua ilikuwa imepungua. Bosi alibaki amesimama karibu naye, mwavuli umekunjwa, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Hakumtazama usoni. Aliuliza kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia hata walipokuwa wameoana vizuri.

"Kile kitambaa. Ulikuwa unakifanya nini kule nyuma, Jumapili?"

Miaka ishirini na miwili hakuuliza. Fundi alijifuta mikono kwenye gauni, akaisikia kila Jumapili ya miaka hiyo, pipa, baridi ya alfajiri, vidole vilivyokunjamana kabla hata chai haijachemka.

"Nilikuwa naosha," akamwambia. "Kilikuwa kimenikosea."

Alijua kwamba ataelewa. Ni utani wake mwenyewe. Bosi akasema taratibu kwamba karakana haijabadilika sana, meza ya kukatia iko pale pale, na kama angependa kuja hata siku mbili tatu kuwaelekeza vijana... Fundi akamwuliza kama anasikia. Jukwaani mtu alikuwa anajaribu gitaa zito, nyuzi moja moja.

"Siwezi kukaa," akasema. "Bendi inaanza."

Akamwacha pale na vigingi vyake.

Saa kumi ikafika. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, amejipaka dawa magoti yote mawili, anamsubiri msimamizi. Dereva alikuwa amekaa ndani kabisa juu ya godoro, ili ikibidi kubebwa wabebwe wote. Msimamizi alikuja kwa wakati, pamoja na wanaume wanne.

"Saa kumi," Fundi akasema. "Nimekuona."

Msimamizi akakohoa. Wale wanaume hawakuwa walinzi. Walikuwa wapiga ngoma wa bendi kubwa, ngoma zao mikononi zimefunikwa makoti, maana hema la wanamuziki nalo lilikuwa la Bosi na lilikuwa limepanda hadi magotini. Ngozi zikilowa hazilii. Aliuliza kama mama angeweza kuwapa nafasi mpaka jukwaa likauke.

"Na hema langu linakaa wapi?"

"Hapa, mama."

"Na mwakani?"

Msimamizi akatazama mkataba uliolowa mfukoni mwake, ukiwa donge la karatasi. "Hapa," akasema.

Fundi akasogeza kigoda, ngoma zikaingia. Dereva alisukumwa pembeni na akalalamika kwamba amewahi kubeba saruji yenye heshima kuliko hizi, lakini aliombwa kushika ile ndogo, akaishika mapajani kama mjukuu.

Bendi ilichelewa saa nzima. Jua lilitoka, turubai likaanza kukauka, na Fundi akazikaza kamba zake tena kidogo kidogo, kila moja kwa kadiri yake. Kisha akatembea hadi kwenye kipande chake cha ardhi ambapo sauti mbili hukutana, matope yakimfikia vifundoni, na gitaa zito lilipoingia hakungoja goti litoe ruhusa. Wauguzi walikuwa kulia kwake. Watu wengi wa safu zile sita, waliolowa na waliokauka, walimpisha nafasi, na yeye akaitumia yote.

Jumapili asubuhi, anakunja godoro, simu ikalia. Binti yake. Akasema mama, umeonekana tena. Wamerusha kila mahali.

"Naonekanaje?"

Alisema anaonekana na matope hadi kiunoni, kilemba kimemwangukia shingoni, mikono juu, anacheza. Na nyuma yake mahema ya baba.

"Basi wamepiga vizuri," Fundi akasema. "Mwambie mjomba wako aitazame. Mwakani nitamkatia tiketi, kama hatakuwa na mafua."